Jinsi ya Kuchunguza Jina Adimu la Mtoto Lililotokana na Mmea: Maana Yake na Wangapi Wanaitwa Hivyo

Mzazi anayevutiwa na jina adimu lililotokana na mmea huwa na maswali mawili: jina hili lina maana gani, na ni watoto wangapi wengine wanaoitwa hivyo. Majibu yanayopatikana kwa haraka huwa ya mstari mmoja tu, kwamba jina fulani maana yake ni "ua" na kwamba "linazidi kupendwa", na mistari ya namna hiyo hunakiliwa huku na kule bila mtu kurudi kwenye chanzo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujichunguzia mwenyewe. Mfano mkuu utakuwa jina Linnea, kwa kuwa makosa mengi yanayofanywa katika uchunguzi wa majina yanaweza kufanyika juu yake: ni adimu katika nchi nyingi lakini la kawaida kabisa katika nchi moja, lina tahajia kadhaa, na maana yake hutajwa tofauti kulingana na anayeulizwa.

Anza na mmea wenyewe

Kabla ya kuuliza maana, hakikisha unajua ni mmea upi unaozungumziwa, na uujue kwa jina lake la kisayansi. Majina ya mimea yanayotumiwa na watu wa kawaida hayategemeki kwa kazi hii, kwa sababu jina moja linaweza kubebwa na mimea isiyo na udugu wowote, na mmea mmoja unaweza kuwa na majina tofauti katika kila eneo. Chukua jina la kike Tansy, ambalo ni adimu hata miongoni mwa wasemaji wa Kiingereza. Mmea wenye jina hilo ni Tanacetum vulgare, wenye maua ya njano ya duara yanayofanana na vifungo vya nguo. Hata hivyo kuna mmea mwingine, Jacobaea vulgaris, ambao katika baadhi ya maeneo huitwa pia tansy, na huo unajulikana zaidi kwa kuua farasi na ng'ombe wanaoula malishoni. Mtu akisoma habari za mmea wa pili akidhani ni za wa kwanza, atakuwa amepoteza jioni nzima.

Jina la kisayansi lina sehemu mbili, jenasi na spishi, na likishapatikana utata huo huisha. Bustani ya mimea ya Kew, iliyoko London, ina hifadhidata ya bure mtandaoni iitwayo Plants of the World Online, ambamo ukiandika jina la kisayansi utaonyeshwa jina linalokubalika sasa, visawe vyake vya zamani, na sehemu za dunia ambako mmea huo ni wa asili. Taarifa hiyo ya mwisho ni ya thamani kuliko inavyodhaniwa. Inakuonyesha ni watu gani walioishi na mmea huo muda mrefu, na kwa hiyo ni lugha zipi unazopaswa kuzitafuta utakapofika kwenye historia ya neno.

Kwa mfano wetu, mmea ni Linnaea borealis. Ni mmea mdogo unaotambaa chini katika misitu ya misonobari ya kaskazini mwa dunia, kuanzia Ulaya na Asia hadi Amerika ya Kaskazini. Kikonyo chake chembamba hugawanyika juu kuwa viwili, na kila kimoja huning'iniza ua moja la waridi hafifu lenye umbo la kengele, ndiyo maana kwa Kiingereza mmea huo uliitwa kwa jina lenye maana ya ua pacha.

Fuata neno hadi kwa mtu wa kwanza aliyelipa mtoto

Hapa ndipo penye kazi kubwa na raha kubwa. Orodha moja ya majina itakuambia kwamba Linnea maana yake ni aina ya mti. Nyingine itasema ni "ua pacha". Ya tatu itasema ni jina la mwanasayansi. Zote zina sehemu ya ukweli, kwa kuwa kila moja imekamata pingili tofauti ya mnyororo uleule.

Mnyororo unaanza na mti. Nils Ingemarsson, Mswidi aliyekuja kuwa mchungaji wa kanisa, alihitaji jina la ukoo alipojiandikisha chuo kikuu, na alijitungia jina Linnaeus kutokana na mti mkubwa uliokuwa katika ardhi ya familia yao, mti ambao kwa Kiswidi huitwa lind na ambao jenasi yake ya kisayansi ni Tilia. (Ndugu wengine wa ukoo huo walikwisha kujipa majina Tiliander na Lindelius kutokana na mti huohuo, jambo linaloonyesha kwamba majina ya mimea yalikuwa yakipendwa na watu wazima muda mrefu kabla hayajapendwa kwa watoto wachanga.) Mwanawe, Carl Linnaeus, aliyezaliwa mwaka 1707 na kufariki mwaka 1778, ndiye aliyeimarisha mfumo wa kutaja viumbe kwa majina mawili tunaoutumia hadi leo. Mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Jan Frederik Gronovius, aliupa ule mmea mdogo wa msituni jina Linnaea kwa heshima yake. Linnaeus mwenyewe aliupenda, na katika picha maarufu zilizochorwa za kwake huonekana akiwa ameushika mkononi. Baadaye wazazi wa Uswidi wakaanza kuwaita binti zao Linnea.

Kwa hiyo mti ulizaa jina la ukoo, ukoo ukazaa jina la mmea, na mmea ukazaa jina la binti. Sasa, ipi ndiyo maana? Kanuni ninayoipendekeza ni hii: maana ya jina ni ile pingili ambayo wazazi wa kwanza waliompa mtoto jina hilo walikuwa wakiifikiria, na pingili nyingine ni historia yake. Wazazi wa Uswidi walifikiria ua, tena ua lililobeba heshima ya mtu mmoja. Hawakufikiria mti uliokuwa shambani kwa babu zake. Kwa hiyo ni sahihi kusema kwamba Linnea ni jina la ua lililopewa jina la Linnaeus, na kwamba nyuma yake upo mti. Anayesema tu kwamba "maana yake ni mti" ameruka vizazi viwili vya jina.

Kanuni hiyo inasaidia sana kwa kundi zima la majina ya maua yaliyotokana na watu. Dahlia ni ua lililopewa jina la Anders Dahl, Mswidi aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus. Zinnia lilitokana na Johann Gottfried Zinn, Mjerumani aliyeandika juu ya anatomia ya jicho na kufariki mwaka 1759 akiwa kijana. Magnolia lilitokana na Pierre Magnol, Mfaransa aliyefariki mwaka 1715. Ukiona mahali pameandikwa kwamba Dahlia maana yake ni "bonde", fahamu kwamba mwandishi ameacha ua akafuata jina la ukoo la Dahl hadi kwenye Kiswidi cha kale. Hakuna mzazi aliyemwita bintiye Dahlia akifikiria bonde.

Kundi jingine linahitaji tahadhari zaidi: majina yanayofanana na majina ya mimea lakini hayakutoka humo. Basil ni jina la kiume lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mfalme. Kiungo chenye harufu nzuri kinachoitwa hivyo kwa Kiingereza kilipata jina lake kutoka mzizi huohuo wa kifalme, kwa njia yake tofauti, na hakikumpa mtu jina. Rosamund huonekana kama lina waridi ndani yake, kumbe sehemu zake ni za Kijerumani cha kale na zinahusu farasi na ulinzi. Waridi liliingizwa baadaye na watu waliolisikia kwa masikio ya Kilatini. Rowan ni mti kwa Kiingereza, lakini wengi wanaoitwa hivyo wanabeba jina la Kiairishi lenye maana ya wekundu. Majina ya namna hii si mabaya. Ila mzazi anayetaka jina la mmea ajue kwamba mmea umekuja kama mgeni.

Kinyume chake, yapo majina ya mimea ambayo watu huyatumia bila kukumbuka kwamba ni mimea. Wasomaji wa Biblia wanamjua Hadasa, ambalo ni jina la pili la Esta katika Esta 2:7, na ambalo ni mhadasi kwa Kiebrania. Tamari ni mtende. Susana ni yungiyungi. Zaituni na Yasmini hujieleza yenyewe. Mzazi anayetafuta kitu adimu katika lugha za mbali huenda akakipata katika ukoo wake mwenyewe, kwenye jina la bibi ambalo halijarudiwa kwa miaka mingi.

Sifa za mmea, na kwa kiasi gani zizingatiwe

Ukishaujua mmea, soma tabia zake: unakua wapi, hutumiwa kwa nini, una sumu au hauna. Bryony, jina la kike linalotumika Uingereza, ni la mmea unaotambaa ambao matunda yake madogo mekundu ni sumu. Tansy nao una mafuta yenye sumu. Zamani ulitumiwa kufukuza wadudu na hata kuwekwa pamoja na maiti kabla ya mazishi, ingawa asili ya jina lake hudhaniwa kuwa neno la Kigiriki la kutokufa.

Je, sumu ni sababu ya kuliacha jina? Kwa maoni yangu, hapana. Maua mengi yanayopendwa sana yana sumu ya kiwango fulani, na hakuna anayemwonea shaka mtoto aitwaye Lily. Jambo la kujiuliza ni kama uko tayari kusimulia habari ya mmea huo kwa mtoto wako akiwa na miaka kumi na ameisoma mwenyewe.

Kuhusu orodha za ishara za maua, zile zinazosema ua hili ni uaminifu na lile ni wivu, zisikuchukulie muda. Vitabu vya aina hiyo vilienea kutoka Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, na mara nyingi vinapingana vyenyewe kwa vyenyewe juu ya ua lilelile.

Umaarufu: tafuta idadi, usitosheke na nafasi

Chanzo cha kuaminika ni taasisi inayosajili vizazi au kutoa takwimu za taifa. Marekani, orodha hutolewa na shirika la hifadhi ya jamii, na data zake zinarudi hadi watoto waliozaliwa mwaka 1880. England na Wales, orodha hutolewa na ofisi ya takwimu ya taifa. Uswidi, ofisi ya takwimu ina huduma ya kutafuta ni watu wangapi walio hai wanaobeba jina fulani. Orodha za tovuti za uzazi zinazotokana na majina yaliyotafutwa au kupigiwa kura na wasomaji hupima shauku, na wengi wanaolishabikia jina hawalitumii.

Ukizifungua data hizo, jambo la kwanza la kuangalia ni kizingiti. Ili kulinda faragha, Marekani haichapishi jina lililopewa watoto chini ya 5 wa jinsia moja katika mwaka, na England na Wales haichapishi lililopewa watoto chini ya 3. Jina lisiloonekana kwenye orodha si lazima liwe halina mtu. Pia usiishie kwenye orodha fupi ya majina 1,000 ya kwanza ya Marekani. Majina adimu yote yako nje yake, ndani ya mafaili makubwa ya mwaka baada ya mwaka ambayo yeyote anaweza kuyapakua.

Jambo la pili ni tahajia. Orodha hizi huhesabu kila namna ya kuandika kama jina tofauti, kwa hiyo Linnea, Linnaea na Lynnea zitakuwa mistari mitatu. Shuleni, hata hivyo, mwalimu akiita, watoto watatu watageuka. Orodhesha kila tahajia inayosomeka kwa sauti ileile, zijumlishe, na jumla hiyo ndiyo uitumie. Kwa majina ya mimea yenye asili ya Kilatini kazi hii ni ya lazima, maana herufi ae, e na ia hubadilishana ovyo.

La tatu ni kugeuza idadi kuwa uwiano. Nafasi katika orodha hudanganya. Mwaka 1880 jina lililoongoza kwa wasichana Marekani, Mary, lilibebwa na zaidi ya asilimia 7 ya wasichana waliomo katika data; Olivia, ambalo limeongoza tangu 2019, halifikii asilimia 1. Kushika namba moja leo ni kuwa adimu kuliko ilivyokuwa kushika namba moja zamani, kwa sababu wazazi wametawanyika katika majina mengi zaidi. Hesabu ni nyepesi: gawanya idadi ya waliopewa jina kwa idadi ya watoto wa jinsia hiyo waliozaliwa mwaka huo. Marekani huzaliwa takriban watoto milioni 3.6 kwa mwaka, wasichana wakiwa karibu 1,750,000. Jina lililopewa wasichana 175 ni la msichana mmoja kati ya 10,000. Katika shule yenye wasichana 500, uwezekano wa kumkuta mwenzake ni karibu mmoja katika ishirini. Takwimu ya namna hiyo inamwambia mzazi jambo analoweza kulitumia, ambapo "nafasi ya 1,400" haimwambii kitu.

La nne ni kutofautisha watoto wanaozaliwa sasa na watu wote wanaobeba jina. Hapa mfano wetu una funzo la pekee. Nchini Uswidi, Linnea limekuwa likitolewa sana kama jina la pili, likifuata lile ambalo mtu huitwa kila siku, kwa hiyo idadi ya wanawake walionalo katika hati zao ni kubwa kuliko ya wale wanaoitikia kwalo. Takwimu za huko hutenganisha mambo hayo mawili, na msomaji naye ayatenganishe. Mtu anayeishi nchi nyingine akiambiwa jina ni adimu, nalo likiwa adimu kweli pale alipo, bado atakutana na Waswidi watakaoliona la kawaida kabisa. Uadimu una mipaka ya nchi, na hauna budi kutajwa pamoja na nchi na mwaka.

Kusoma mwelekeo wa miaka ijayo

Wazazi wengi hawaogopi kwamba jina ni la kawaida leo. Wanaogopa kwamba litakuwa la kawaida mtoto akianza shule. Hakuna wa kutabiri kwa uhakika, lakini dalili zipo. Chora idadi ya miaka kumi au kumi na mitano iliyopita. Namba ndogo huyumba zenyewe: jina lililotoka watoto 6 hadi 12 limeongezeka mara mbili bila kumaanisha chochote, kwa hiyo tumia wastani wa miaka mitatu mitatu. Mstari unaopanda bila kukatika kwa miaka mitano ni dalili halisi. Juniper liliingia katika majina 1,000 ya Marekani mwaka 2011 na tangu hapo limepanda sana. Aliyelichagua mwaka huo akidhani ni la kipekee alikuwa mmoja wa wengi wenye dhana hiyohiyo.

Angalia pia majirani. Majina ya mimea husogea kwa makundi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, Uingereza na Marekani zilijaa akina Violet, Daisy, Ivy, Hazel na Myrtle. Yakachakaa, yakaonekana ya mabibi, kisha mengi yakarudi, kiasi kwamba Ivy limekuwa miongoni mwa kumi ya kwanza England na Wales katika miaka ya mwanzo ya 2020. Myrtle halijarudi hivyo, ingawa ni mhadasi uleule wa Hadasa. Sababu mojawapo, naamini, ni sauti: masikio ya leo katika nchi hizo hupenda majina yenye irabu nyingi na konsonanti laini, na Myrtle halina hata kimoja. Kwa kipimo hicho Linnea lina kila kitu cha kulifanya lipande, na anayetaka liendelee kuwa adimu alichunguze kwa karibu zaidi kuliko anayechagua Tansy.

Masikioni na kwenye makaratasi

Tamka jina kwa kila lugha ambayo mtoto ataishi nayo. Linnea lina bahati: Waswidi hulitamka kwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiswahili hufanya vivyo hivyo, hivyo msemaji wa Kiswahili ataliita karibu kama mwenyewe wa asili, ila atashangaa n mbili zinafanya nini. Tansy halina bahati hiyo. Likisemwa kwa matamshi yake ya Kiingereza, sikio la Mswahili husikia tanzi, na aliye karibu na tanzi ni tanzia. Kwa familia inayozungumza Kiswahili ningelifuta hapohapo, hata kama takwimu zake zinavutia.

Kisha uliza kanuni za usajili kabla ya kuchapisha kadi. Nchi kadhaa huzuia majina yasiyo katika orodha zilizoidhinishwa; Iceland, kwa mfano, ina kamati ya majina tangu mwaka 1991, inayopima kama jina jipya linakubaliana na sarufi na maandishi ya lugha yao. Mifumo mingine hukubali jina lakini hutupa alama zilizo juu ya herufi, na Linnéa linaweza kutokea kwenye hati moja likiwa na alama na kwenye nyingine bila alama. Kwa mtoto atakayesafiri, chagua tahajia isiyo na alama na uitumie ileile katika cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na pasipoti.

Mwisho wa uchunguzi uwe na karatasi moja: jina la kisayansi la mmea, mnyororo wa neno pamoja na pingili unayoihesabu kuwa maana, tahajia iliyochaguliwa, na uwiano wa wenye jina ukiwa na nchi na mwaka wake. Ihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa mwenye jina ndiye atakayeulizwa maana yake mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote.